Shingo za Twiga wa Serikali

Nchi ninayoisimulia haipo. Na kama ipo, basi siyo hiyo unayoifikiria. Na kama ni hiyo hiyo, aliyeitaja ni wewe, mimi mdomo wangu umefungwa. Ni nchi nzuri sana. Jua linachomoza kila asubuhi bila kuomba kibali, na mvua ikinyesha wananchi huandamana kumshukuru mkuu wa nchi. Mkuu huyo aliitwa Baba wa Wote. Jina hilo alipewa na wajumbe kwa hiari yao, siku ile waliyofungiwa ukumbini mpaka wapate jina.

Katika nchi hiyo alikuwapo mpiga chapa mmoja, Bi Mwasiti, aliyekaa mtaa ulioko kando ya Barabara ya Shukrani, ile inayotoka uwanja wa ndege kwenda Ikulu. Zamani mtaa huo ulionekana kutoka barabarani. Siku moja Baba wa Wote alipita na msafara wake, akaona nguo za ndani za watu zimeanikwa kwenye kamba, akauliza, "Zile bendera za nchi gani?" Aliuliza tu, maskini, hakuwa na nia mbaya. Lakini kule kwao Mkubwa akiuliza swali, hajibiwi kwa maneno. Kabla mwezi haujaisha ukuta ulikuwa umesimama, mrefu kupita milango ya nyumba, na ukapewa jina la Ukuta wa Mandhari Nzuri.

Sheria ya kuinama haikubadilika. Msafara ukipita kila mwananchi ainame, na ukuta haukuwa kisingizio. Kwa hiyo ving'ora vikilia, mtaa mzima ulisimama nyuma ya matofali na kuinama. Mama yake Bi Mwasiti, ambaye wote tumwite Bibi, aliinama na ungo wake wa mchele mkononi, na mgongo ulikuwa unamuua.

Bi Mwasiti alikuwa na binti wa miaka sita, Zamda, aliyezaliwa ukuta ukiwa umeshajengwa. Barabara alikuwa akiisikia tu.

"Mama, nani anapita?"

"Baba wa Wote."

"Yukoje?"

"Kama kwenye picha. Inama."

Bi Mwasiti alipoambiwa na wizara kwamba atasafiri ng'ambo, Zamda hakutaka gauni wala peremende. Alisema, "Niletee twiga. Lakini awe mrefu, mama, mrefu kweli. Achungulie huko ng'ambo ya ukuta, halafu aniambie."

"Nitakuletea."

"Na baba alisema ataniletea baiskeli."

Mwanamume huyo alikwenda kutafuta maisha, na baiskeli haikuja, wala yeye mwenyewe hakuja. Bi Mwasiti akaapa kimoyomoyo kwamba twiga huyu atafika, hata kama itambidi ambebe mgongoni kama mtoto.

*

Wizara yenyewe ilikuwa Wizara ya Kubana Matumizi, na safari ilikuwa ya kwenda kwenye Mkutano wa Dunia wa Kubana Matumizi, uliofanyika kwenye mji wa baridi na maduka mengi. Ndege ya Taifa, ambayo ilikuwa moja tu, ilijaa pomoni. Alikwenda Waziri, Mheshimiwa Kibindo. Akaenda Naibu Waziri, na Katibu Mkuu, na wakurugenzi, na manaibu wa wakurugenzi, na wasaidizi wa manaibu, na fundi cherehani wa Waziri, maana huko ng'ambo chakula ni kingi na suruali hubana. Akaenda Mkuu wa Itifaki, Bwana Machela, kuhakikisha kila mtu anajua nani yuko mbele ya nani. Na kwa kuwa ilikuwa lazima japo mtu mmoja aingie mkutanoni, alichukuliwa Bi Mwasiti.

Akaingia. Akakaa nyuma ya kibao chenye jina la nchi yake, akaandika yote yaliyosemwa, na ilipofika zamu ya nchi yake kuchangia, akasema anaafiki. Wakati wa chakula cha mchana alivuka barabara kwenda duka la wanasesere, na pale dirishani akamwona: twiga wa kitambaa, mwenye madoa ya kahawia na kope ndefu, kichwa chake kinagusa dari. Mwenye duka, mzee wa Kizungu mwenye miwani, alikishika kile kichwa akakiinamisha mpaka sakafuni. Kisha akakiachia. Paa! Shingo ikaruka juu na kusimama vilevile, wima.

"Springi," mzee alisema, akigonga shingo ile kwa kidole. Halafu akamwonyesha Bi Mwasiti jino lake moja lililovunjika, kumwonya asisimame mbele.

Bi Mwasiti alimnunua papo hapo. Akambeba hadi hotelini watu wakimtazama, na angeishi na twiga wake kwa amani kama asingekutana na Bwana Machela mlangoni mwa lifti.

Bwana Machela alimtazama twiga kuanzia kwato hadi pembe, na kijasho chembamba kikamtoka.

Hapa inafaa mjue jambo. Katika kila ofisi ya nchi ile, chini ya picha ya Baba wa Wote, ilitundikwa picha ya mjukuu wake wa pekee, aliyeitwa Mjukuu wa Taifa: kitoto cha miaka sita, kaptura, soksi hadi magotini, kofia ya nyota, kimemkumbatia twiga wa kuchezea. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa sikukuu ya kitaifa, na mwaka ule iliangukia siku ileile ambayo ujumbe ungerudi nyumbani.

"Loh!" Bwana Machela alijisemea. "Mpiga chapa kafikiria zawadi, sisi wakubwa tumelala!"

Kabla lifti haijafika ghorofa ya juu hotelini kote kulikuwa hakukaliki. Wakurugenzi walikimbia barabarani na ndara za kuogea. Kila mmoja alitaka twiga, na kila mmoja alimtaka mrefu kuliko wa mwenzake. Yule mzee wa duka alidhani pengine kuna vita. Mheshimiwa Kibindo alikuwa amejipumzisha baada ya uchovu wa kutoingia mkutanoni, na alipoamka akaenda dukani, alikuta amebaki twiga mmoja tu, aliyekuwa akitumiwa kuzuia mlango. Kichwa chake kiliishia kwenye mkanda wa suruali ya Waziri.

*

Siku ya kuondoka, mlango wa kuingilia ndegeni ulikuwa kama mbuga. Dada wa pale uwanjani, binti wa wenyewe, aliwaonyesha kizimba cha chuma cha kupimia mizigo ya mkononi, akasema mzigo usioingia humo utakwenda chini.

Mheshimiwa Kibindo akakohoa. Akikohoa vile, wasaidizi wake hutafuta mahali pa kukaa.

"Ndugu mhudumu," alianza. "Hawa unaowaona hawaitwi mizigo. Hawa ni mapenzi ya taifa zima kwa mtoto mmoja. Je, mapenzi yanapakiwa tumboni mwa ndege, pamoja na vitunguu na soksi za watu? Je, historia itatuelewa? Zawadi ya Mjukuu haipakiwi. Zawadi ya Mjukuu inabebwa kwa mkono, inakumbatiwa, na kama kiti hakitoshi, atashuka mtu, hatashuka twiga!"

Makofi yakapigwa. Yule binti alichungulia dirishani, akaona ndege si yao, akawapisha.

Hapo ndipo Bwana Machela alipopiga kelele, "Simameni!"

Alikuwa amewapanga wajumbe kwa vyeo kama kawaida, kila mmoja na twiga wake kifuani, na macho yake yakaona balaa ambalo hajapata kuliona tangu aanze kazi. Waziri alikuwa mbele, na twiga wake kiunoni. Nyuma yake Naibu, na twiga wa kumpita Naibu mwenyewe. Na kadiri vyeo vilivyoshuka ndivyo twiga walivyorefuka, kwa sababu wadogo wana miguu myepesi na walifika dukani mapema. Mwisho kabisa alisimama Bi Mwasiti, na twiga wake alikuwa akiwatazama wote kwa juu, pamoja na Waziri.

"Haya ni mapinduzi," Bwana Machela alinong'ona. "Zawadi ya mdogo haiwezi kuzidi kimo zawadi ya mkubwa."

Fundi cherehani alijipendekeza. "Bwana mkubwa, mimi naweza kumrefusha yule wa Mheshimiwa. Nina uzi."

"Ukimrefusha utakuwa umekiri kwamba alikuwa mfupi!"

Waziri alitazama dari, kana kwamba mambo ya kimo hayamhusu. Basi ikaamuliwa jambo moja tu linalowezekana: twiga wengine wote wakatwe shingo, wa Naibu ashuke kidogo chini ya wa Waziri, wa Katibu Mkuu ashuke kidogo chini ya wa Naibu, hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari.

Sasa, ndugu zangu, pale walikuwa wameshapita ukaguzi. Mkasi hakuna, kisu hakuna, wembe hakuna. Naibu Waziri alijaribu visu vya plastiki vya mkahawani vikamvunjikia mkononi, vyote. Katibu Mkuu, mtu mwenye shahada tatu na mvi za heshima, alikaa chini, akamlaza twiga wake mapajani, na akamtafuna shingo. Mkurugenzi wa Bajeti alitumia kucha. Pamba iliruka, springi zikachomoka na kubiringika hadi kwenye duka la manukato, na watoto wa wageni waliokuwa wakisubiri ndege zao walianza kulia kwa uchungu, wakazibwa macho na mama zao. Vichwa vilirudishwa mabegani kwa bigijii zilizotafunwa. Fundi cherehani aliwashonea wale tu wenye cheo cha mkurugenzi na kuendelea.

Mstari ukasogea. Mpaka kufika kwa dereva wa Waziri, shingo zilikuwa zimekwisha kitambo na watu walikuwa wanakata miguu. Ndipo Bwana Machela, pamba nyusini, akafika kwa Bi Mwasiti. Akamtazama twiga wa dereva, ambaye sasa alikuwa tumbo na kichwa, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki chini yake.

"Kwa cheo chako, mama," alisema kwa huruma ya kweli, "naweza kukuruhusu kwato. Kwato zote nne. Na kwa mkia nitafumba macho."

Bi Mwasiti alimkumbatia twiga wake. "Bwana Machela, huyu si wa Mjukuu. Ni wa binti yangu."

"Shh! Usirudie! Mtoto wa mpiga chapa awe na twiga mrefu kuliko wa Waziri? Unataka unga wako umwagike? Unataka na wangu umwagike?"

"Nilimwahidi."

"Mpe kwato, mwambie mengine yanakuja. Wananchi si tunawaambia hivyo kila mwaka?"

Bi Mwasiti hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Maisha yake yote alikuwa ameinama, juu ya taipu mchana na nyuma ya ukuta jioni. Aliwaza jinsi Zamda atakavyofungua mfuko na kukuta kwato. Asingelia, yule mtoto. Angesema tu, "Na baba alisema baiskeli." Wazo hilo lilimtia hasira kuliko woga, na hasira ikamletea akili.

"Bwana Machela, nikuulize. Wewe una kimo gani?"

Bwana Machela alishtuka. Swali hilo hajawahi kuulizwa. Tangu aajiriwe hajawahi kusimama wima mbele ya mtu, kwa kuwa daima kulikuwa na mkubwa karibu, na hata mkewe alimjua akiwa amepinda.

"Ukiwa mbele ya Mheshimiwa," Bi Mwasiti aliendelea, "unapimwa umesimama au umeinama?"

"Nimeinama, bila shaka! Mimi ni mtu wa adabu."

"Na huyu ana adabu."

Akakishika kichwa cha twiga, akakivuta chini, chini, hadi pua ikagusa sakafu kati ya miguu ya mbele. Akatoa kanga mkobani, akafunga kichwa na kwato kwa pamoja, akakaza fundo kwa meno. Twiga akabaki ameinama, mgongo juu, kope zinatazama ardhi. Alikuwa ameinama kuliko mtu yeyote aliyewahi kuinama katika historia ya nchi ile.

Bwana Machela alitazama mgongo wa twiga, na mgongo ule bado ulimzidi twiga wa dereva kwa kimo. Lakini hakuona mgongo. Aliona heshima. Machozi yalimlengalenga.

"Mnaona?" aliwageukia wajumbe. "Mnaona mnyama aliyelelewa? Apite! Huyu hapimwi!"

Naibu Waziri alikuwa ameshika kichwa cha twiga wake kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine. "Kumbe ingetosha kuwainamisha?" alisema kwa sauti ya kilio. "Bi Mwasiti, kwa nini hukusema mapema?"

"Hamkuniuliza, Mheshimiwa."

*

Safari nzima Bi Mwasiti hakulala. Alimpakata twiga, na springi ilikuwa ikisukuma, fundo linalegea, yeye analikaza. Waziri alikoroma kiti cha mbele. Pamba ilielea ndani ya ndege ikiingia kwenye chai za watu.

Uwanja wa nyumbani ulipambwa. Zulia jekundu, matarumbeta, kina mama wa vikundi wakiwa wameloa jasho tangu asubuhi. Baba wa Wote alikuwa amekaa mbali kidogo, kwenye kivuli cha hema, miwani myeusi usoni, walinzi wawili wamekaa kulia na kushoto kwake. Hakutikisika. Watu walisema anatafakari.

Wajumbe wakapangwa kwa vyeo, twiga mbele ya miguu yao. Bendi ikapiga wimbo wa Mjukuu. Na Mjukuu wa Taifa akaja.

Ilikuwa kaptura ileile, soksi zilezile hadi magotini, na kofia ya nyota. Ila ndani ya kaptura alikuwamo mwanamume mzima, mwenye kitambi na ndevu zilizoanza kuota mvi. Picha ile, unajua, ilipigwa zamani. Kuibadilisha kungekuwa kusema kwamba Mjukuu amekua. Na Mjukuu akiwa amekua, basi babu yake amezeeka. Na neno hilo hakuna aliyekuwa na kichwa cha ziada cha kulisemea. Kwa hiyo kila mwaka alifikisha miaka sita, na kila mwaka fundi alipanua kaptura.

Akasimama mbele ya twiga wa kwanza. Akasogea kwa wa pili. Akafika kwa yule wa Katibu Mkuu, mwenye alama za meno.

"Hawa ni nini?"

"Ni twiga, Mjukuu," alisema Mheshimiwa Kibindo akiinama.

"Shingo ziko wapi?"

Matarumbeta yakanyamaza. Upepo ulipuliza, kichwa cha twiga mmoja kikadondoka na kubiringika kwenye zulia. Wajumbe wote walimtazama Waziri. Lakini hawafiki huko juu bure, watu wale.

"Tumezibana, Mjukuu," alisema. "Kwa mujibu wa sera yetu. Taifa haliwezi kuendelea kugharimia shingo ndefu kiasi kile wakati kichwa kinaweza kukaa karibu na tumbo."

Makofi! Vigelegele! Mtangazaji wa redio alipiga ukelele kwamba wataalamu wetu wamerudi na Twiga wa Kisasa, na Waziri wa Elimu, aliyekuwa kwenye hema, akatoa amri palepale vitabu vya shule virekebishwe.

Mjukuu hakushangilia. Aliyapita yale matumbo yenye vichwa moja baada ya jingine, uso umechoka, hadi akafika mwisho wa mstari, kwa Bi Mwasiti. Naye Bi Mwasiti alikuwa ameinama sana, na kwa kuinama mkono ukateleza, na fundo la kanga likafunguka.

Paa!

Shingo iliruka na kuipeperusha kofia ya nyota. Twiga akasimama wima mbele ya taifa zima, anayumbayumba kidogo, kichwa juu ya bendera. Bwana Machela alizimia kwa utaratibu, akianza na magoti.

Mjukuu wa Taifa aliinua uso. Ndevu zikamcheza.

"Wa nani huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Bi Mwasiti alijua majibu yapo mawili. Akisema "wako", kesho ataamka mkurugenzi, na Zamda atakuwa na mama aliyesema uongo. Akisema kweli, basi Mungu anajua.

"Wa binti yangu, baba."

"Si wangu?"

"Si wako, baba. Nisamehe."

Yule mtu hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia. "Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Sita," alirudia. "Mimi pia. Siku nyingi sana sasa." Akajikuna goti lililopauka. "Na twiga mrefu hivi wa nini?"

"Tunakaa nyuma ya ukuta, hapo Barabara ya Shukrani. Anataka achungulie, amwambie kuna nini."

Mjukuu alicheka. Alicheka kicheko cha mtu mzima, kinene, na watu wa karibu wakashtuka kukisikia. Halafu akageuka haraka kutazama hemani, akakishika kichwa cha twiga, akakiinamisha yeye mwenyewe na kufunga kanga mafundo mawili.

"Pita nyuma ya bendi," alimnong'oneza. "Nenda sasa hivi, hotuba bado hazijaanza."

Bwana Machela alikuwa amezinduka. "Mjukuu, ametukosea? Huyo wa mama ana kasoro gani?"

"Ana shingo," alisema Mjukuu. "Mwondoeni."

*

Hotuba za nchi ile Mungu anazijua. Bi Mwasiti alifika kwake, akaoga, akala, na Waziri bado alikuwa kwenye utangulizi.

Zamda aliliona furushi lile lililopinda. Aliligusa kwa kidole. "Ndiye huyu? Mbona ameinama kama sisi?"

"Fungua kanga. Simama pembeni!"

Paa! Zamda aliruka, akapiga kelele hadi kuku wakakimbilia jikoni. Alimkumbatia twiga miguu, akamkumbatia mama yake, kisha akarudi kwa twiga. Wakambeba pamoja, wakampandisha juu ya pipa la maji lililoegemea ukuta, na kichwa kikatokeza ng'ambo, pembe na kope na yote. Bibi aliziba mdomo kwa mkono.

"Mwasiti! Sheria inasema mtu asichungulie!"

"Huyu ni mtu, mama?"

Hatimaye hotuba zikaisha, ving'ora vikalia. Mtaa mzima ukasimama. Ua baada ya ua, watu waliacha walichokuwa wakifanya, wakageukia matofali na kuinama. Bibi akainama na ungo wake. Bi Mwasiti naye akaanza kuinama, mwili ulishajizoesha.

Zamda akamvuta gauni. "Mama, anasema nini? Twiga anasema nini?"

Bi Mwasiti alimtazama mwanawe, akamtazama twiga, ambaye kusema ukweli hakuwa anasema kitu. Akapiga moyo konde. Akajishika ukutani, akapanda juu ya pipa, na kichwa chake kikatokeza kando ya kichwa cha twiga.

Kitu cha kwanza alichokiona ni ukuta mwingine. Ng'ambo ya barabara nako walikuwa wamejenga, mrefu vilevile, na nyuma yake bila shaka watu walikuwa wameinama wakielekea huku. Katikati palipita magari meusi, na moja lilikuwa wazi. Ndani yake alikaa kizee kidogo, kimekonda, kimezama kwenye kiti. Miwani ilikuwa imemteleza. Macho yalikuwa yamefumbwa, kinywa wazi, udende unatiririka kwenye tai. Mlinzi wa kulia alikuwa amemshikilia shingo isianguke. Mlinzi wa kushoto alikuwa amemshika mkono kwenye kifundo na kuupunga, kulia, kushoto, kwa matofali.

Kando yao alikaa mwanamume mwenye ndevu, hana kofia. Alimwona twiga. Akapunga mkono mmoja, kisha yote miwili, juu kabisa, kama mtoto. Bi Mwasiti naye akampungia, na gari likapita.

"Mama! Anasema nini?"

"Anasema amemwona Baba wa Wote."

"Yukoje?"

Bi Mwasiti alishusha pumzi. "Amelala."

"Amelala usingizi?"

"Fofofo. Anakoroma. Mkono anapungiwa na mtu mwingine."

Zamda akafikiri. Akamgeukia Bibi, aliyekuwa bado amejikunja na ungo wake, uso kwenye matofali.

"Sasa bibi anamwinamia nani?"

Ving'ora vilikuwa bado vinasikika. Bibi akauweka ungo chini, akashika kiuno kwa mikono miwili, na akaanza kunyooka, kidogo kidogo, mifupa ikialika. Alikuwa mrefu. Zamda hakuwa amejua kwamba bibi yake ni mrefu.

"Yaani mgongo wangu wote huu," alisema Bibi kwa sauti iliyovuka ua wa jirani na ua wa baada ya huo, "kumbe mtu yuko usingizini!"

Na kutoka ua wa jirani mtu akauliza, "Nani kalala?"